Monita ya nje kwenye laptopu ya zamani: angalia tundu kwanza

Haya wadau, mambo vipi. Leo hapa mezani nina monita bapa ya inchi 24, rezolusheni 1920 kwa 1080, yaani idadi ya nukta za picha kwa upana na kwa kimo, nyuma ina matundu mawili tu, VGA na HDMI, haina spika wala mbwembwe yoyote, na pembeni nina laptopu ya zamani ya inchi 15 yenye kioo cha 1366 kwa 768, hizi mnazijua, ukifungua Excel unaona safu chache halafu kutwa nzima unasukuma ukurasa kulia na kushoto. Swali ni je, monita kama hii inaifaa laptopu kama hii? Inafaa tena sana, jibu nalitoa mapema nisiwazungushe. Pikseli, yaani hizo nukta, zinakuwa karibu mara mbili ya zile za kioo cha ndani, na hiyo ni kabla hatujahesabu kwamba kioo cha ndani nacho kinabaki kinafanya kazi. Ila watu wengi wanaanza na monita, wanaipenda, wanaibeba mpaka nyumbani, ndo wanageuza laptopu kuangalia itachomekwa wapi. Anza na laptopu bana.

Hebu sogea uone hapa ubavuni. Hili la bluu lenye umbo kama la herufi D, vishimo 15 kwenye safu tatu na skrubu huku na huku, hii ndo VGA. Ilitoka mwaka 1987 na kompyuta za IBM PS/2, enzi za monita zenye chogo, na mwaka 2010 Intel, AMD na watengenezaji wengine wakubwa walitangaza kwamba mpaka 2015 watakuwa wanaachana nayo, kwa hiyo laptopu yenye tundu hili tayari inakwambia umri wake. Sasa kuna watu wakiiona wanasema hapa hamna kitu, na mimi hapo nabisha. VGA inapeleka 1920 kwa 1080 kwa hezi 60, yaani picha 60 kwa sekunde, bila shida, hata kwenye chipu za kizamani za Intel, na kwa kuandika, kusoma, mahesabu, kuangalia video, ukikaa umbali wa kawaida huoni cha kulalamikia.

Tatizo lake ni kwamba inatuma analojia. Laptopu inachukua picha ya dijitali inaigeuza mawimbi, mawimbi yanapita kwenye waya, halafu monita inayageuza tena kuwa pikseli, na hapo inabidi ikisie kila pikseli inaanzia wapi. Ikikosea unaona herufi zina kivuli au zinatetemeka kidogo au picha yote imesogea upande mmoja umebaki mstari mweusi. Dawa ni kitufe cha Auto kwenye monita, lakini usikibonyeze ukiwa kwenye picha nyeusi, fungua kitu cheupe kinachojaza kioo chote mpaka pembeni kabisa, mfano ukurasa mtupu wa kuandikia, ndipo ubonyeze, maana monita inatafuta kingo za picha na kwenye giza haizioni. Bado kuna mtetemo? Ingia kwenye menyu yake, tafuta Phase, sogeza taratibu huku unaangalia maandishi madogo mpaka yatulie.

Na kebo jamani. Kebo nyembamba ndefu ya VGA ni mateso, chukua nene, fupi kadiri meza yako inavyoruhusu, na zile skrubu zifunge, usiache kichwa kinaning'inia. Kuna kitu kingine hakisemwi sana, ndani ya hii kebo kuna pini hazibebi picha kabisa, pini ya 12 na ya 15 ndizo laptopu inazitumia kuiuliza monita wewe ni nani na unataka rezolusheni gani. Zikiwa zimekatika au mtengenezaji amezibania, picha inatoka ila Windows inaandika Generic Non-PnP Monitor na kukung'ang'aniza 1024 kwa 768, herufi zimevutika kama zimepigwa pasi, halafu unaanza kulaumu monita wakati kosa ni waya. Ukiona jina hilo badilisha kebo kabla hujagusa kitu kingine.

Kama laptopu yako ina HDMI basi tumia hiyo, siyo lazima nieleze sana, ni dijitali mwanzo mwisho, hakuna kukisia. Kuna mambo mawili tu. Moja, laptopu wakati mwingine inadhani imechomekwa kwenye televisheni, kwa hiyo inakata kingo za picha au inatoa rangi zilizofifia, nyeusi inaonekana kijivu, hiyo inatokea kwa sababu inatuma rangi kwa kipimo cha televisheni cha 16 mpaka 235 badala ya 0 mpaka 255, unaenda kwenye setingi za grafiksi unachagua Full Range, na kwenye monita unazima Overscan. Pili, HDMI inabeba na sauti, na monita yangu hii haina spika, kwa hiyo unachomeka tu na muziki unapotea, watu wanapanik, wala haijaharibika, bonyeza alama ya spika chini kulia urudishe sauti kwenye laptopu.

Sasa tuje kwenye hivi vidude vya kuunganishia, maana hapa ndo pesa za watu zinapoishia. Laptopu ina VGA tu, monita ina HDMI tu, unafanyaje? Unahitaji kibadilishaji chenye chipu ndani, na utakijua kwa sababu kina mkia wa USB wa kuchukulia umeme na kawaida kina pini ya sauti ya kuchomeka tundu la hedifoni, kwa vile VGA yenyewe haibebi sauti hata kidogo. Ile kebo tupu, upande huu VGA upande huu HDMI, haina kiboksi haina umeme, iache hapohapo dukani, haiwezi kugeuza analojia kuwa dijitali kwa miujiza. Upande wa pili, HDMI ya laptopu kwenda VGA ya monita, adapta yake nayo ina chipu ila inanyonya umeme kidogo kutoka kwenye HDMI yenyewe, na tundu hilo halilazimiki kutoa zaidi ya miliampia 55, kwa hiyo kwenye baadhi ya laptopu picha inawaka inazima inawaka inazima, chagua yenye tundu la ziada la umeme.

Halafu DisplayPort, tundu lingine la picha ya dijitali, hizi ziko sana kwenye laptopu za kiofisi, kubwa au ile ndogo. Hii nzuri mno, ukiona alama ya D na P yenye jumlisha mbili pembeni, adapta rahisi tu inakupa HDMI. Lakini ni njia moja! Kebo ya kutoka DisplayPort ya laptopu kwenda HDMI ya monita huwezi kuigeuza uitumie kutoka HDMI ya laptopu kwenda DisplayPort ya monita, itachomeka vizuri kabisa na hautaona kitu.

Na zile adapta za USB? Zipo zinazofanya kazi kweli, ila fikiria hivi, picha ya 1920 kwa 1080 kwa hezi 60 bila kubanwa ni karibu gigabiti 3 kwa sekunde, na USB 2.0 kwa juu kabisa ni megabiti 480, ina maana picha inabanwa, na wa kuibana ni prosesa yako hiyohiyo ya zamani inayohema tayari. Kwa maandishi sawa, kwa video hapana, na bila draiva, ile programu ya kuiendesha, haiwaki kabisa. Mimi ningeiweka mwisho wa mstari. Monita zile nyembamba za kubeba zinazotumia USB-C peke yake ndo usiziguse kabisa kama laptopu yako ina USB za kawaida tu, ile USB ya zamani yenyewe haitoi picha bila adapta yenye chipu kama zile, hata ukipata kichwa tupu cha kuunganisha.

Kuhusu 4K, zile monita zenye pikseli mara nne ya hii, nitapita haraka. Laptopu zenye prosesa ya Intel kizazi cha pili, za 2011, HDMI yake inaishia 1920 kwa 1200. HDMI 1.4 ya mwaka 2009 inafika 4K lakini kwa hezi 30, kishale cha mausi kinaburuzika mpaka unachoka, na hezi 60 zimekuja na HDMI 2.0 mwaka 2013. Kwa laptopu ya umri huu 1080 ndo saizi yake. Na hizo za kizazi cha pili zinawasha vioo viwili tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo hata kama una VGA na HDMI ubavuni usipange monita mbili pamoja na kioo cha ndani, kimoja kitabaki giza.

Nachomeka sasa muone. Nimebonyeza Windows na P, hii ipo tangu Windows 7, inaleta machaguo. Duplicate, picha ileile kwenye vioo vyote, ndo wengi wanaishia hapo halafu wanasema monita ina ukungu, sababu vioo viwili vyenye rezolusheni tofauti vinalazimishwa kutumia moja, na mara nyingi inakuwa ile ndogo, 1366 kwa 768 imetandazwa kwenye inchi 24, lazima iwe ukungu. Chagua Extend, kila kioo kiwe na yake. Ona hapo, herufi zimekuwa kali palepale. Ukitaka kufunga mfuniko utumie kubwa peke yake, nenda setingi za umeme, kwenye kufunga mfuniko weka Do nothing, ila angalia kwanza laptopu yako inapumulia wapi, kuna zinazotoa joto kupitia kibodi, hizo ziache wazi.

Kuna wengine hapa hawahitaji kioo cha pili, kioo cha ndani kimekufa wanatafuta pa kuonea. Kwenu inawezekana kabisa. Chomeka monita laptopu ikiwa imezimwa, iwashe, ngoja dakika moja mbili, andika nywila yako kwa kubahatisha na Enter, halafu Windows na P, mshale wa chini mara moja, Enter, kwenye Windows 7 ni mshale wa kulia. Kama bado giza rudia tena na mshale mara mbili. Ikigoma jaribu kitufe cha Fn pamoja na kile chenye picha ya kioo kule juu kwenye mstari wa F, huwa kinatofautiana kampuni na kampuni, na hicho kwenye laptopu nyingi za zamani kinakubali hata kabla Windows haijaanza kupanda.