Grauti ya epoksi bafuni: bei ni kali lakini kwa simiti nyeupe sirudi

Kama unaishi kwa apatimenti za hapa Nairobi, zile bafu ndogo zenye dirisha moja limeangalia ukuta wa jirani, basi unajua vile mistari ya katikati ya taili huanza kuwa nyeusi. Taili zenyewe ziko sawa kabisa, zinang'aa, ni mistari tu imeharibu sura yote. Yangu hapa Donholm ilikuwa imefika hapo, upande wa shawa ukungu umeingia ndani kabisa, unasugua na bliichi inakuwa nyeupe unafurahi, baada ya muda kidogo weusi umerudi palepale. Na si eti nyumba haioshwi, shida ni kile kitu kiliwekwa pale tangu mwanzo. Mafundi wengi wanajaza na simiti nyeupe, ama grauti (kile kijazio cha mistari ya taili) ya simiti imezidishwa maji ndio iingie haraka, na simiti inakunywa maji, na maji ya kuoga yanakuja na sabuni na mafuta ya mwili, sasa ukungu umepata unyevu na chakula mahali pamoja, utautoa na nini?

Nilipoamua kung'oa yote na kujaza upya na grauti ya epoksi, ile ya resini isiyonyonya maji, fundi akaniambia, "Mama, hiyo epoksi ni pesa mob, wacha nikuwekee tu simiti nyeupe, hakuna mtu ataona tofauti." Nikamwambia hapana fundi, hii nanunua mwenyewe, wewe nipangie tu siku ya kazi.

Nikaenda hadiwea za Industrial Area upande wa Enterprise Road na nikasoma mifuko moja moja, na hapa ndio naomba mnisikize vizuri kwa sababu muuzaji atakwambia zote hazipitishi maji. Angalia herufi. Kuna kiwango cha Ulaya kinaitwa EN 13888, kampuni kama Mapei ya Italia huwa wanaandika kwa mifuko yao. CG ni grauti ya simiti, CG1 ndio ya kawaida na CG2 imeboreshwa, ikiwa na W inanyonya maji kidogo, ikiwa na A haisagiki haraka. RG sasa ndio epoksi na jamii yake. Ukipata mfuko hauna herufi yoyote, umeandikwa tu rangi na picha ya bafu maridadi, mimi ningeuacha hapo hapo. Nilichukua RG ya kijivu. Nyeupe sikutaka, epoksi nyeupe ikipigwa na mwanga wa jua muda mrefu huwa inageuka manjano, na kijivu hata tope la miguu ya watoto halionekani sana.

Bei ni mara kadhaa ya ile ya simiti, hilo sifichi, na fundi pia anaongeza ya kwake kwa sababu kazi ni ngumu. Kwanza lazima grauti ya zamani itoke, angalau theluthi mbili za kina cha mstari, ukipaka juu juu itabanduka tu. Fundi wangu alitumia grinda kwa mistari mirefu na bledi ya haksoo kwa kona ndio asikwaruze taili. Halafu epoksi inakuja sehemu mbili, resini na kigumisho, zinapimwa tayari na zinachanganywa zote, si kukisia nusu nusu na macho, na maji hayaongezwi hata tone. Ikishachanganywa ni nzito kama ugali unaokaribia kuiva na saa imeanza kuhesabu, ukiwa na joto inashika haraka zaidi, kwa hivyo changanya ile utamaliza. Ile baridi ya Julai nayo inaifanya ngumu kusukuma na inachelewa kukauka, afadhali kazi ifanywe mchana. Fundi awe na glavu, resini ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kuleta mzio mbaya.

Mahali kazi huharibikia ni kusafisha. Nilisimama mlangoni nikaangalia: anasukuma na ubao wa raba akipita mshazari, asifuate mstari ndio asiichote tena, halafu kabla haijagumu anapita na pedi nyeupe na maji ya uvuguvugu akizungusha polepole, kisha sponji, anabadilisha maji, anarudia tena. Ukiacha ule utandu kwa taili mpaka kesho, utanunua dawa maalum ya kuutoa na bado utasugua mpaka mikono iume. Kama fundi hajawahi kushika epoksi mwambie aanze na kipande kidogo nyuma ya mlango.

Kona za ukuta na sakafu usijaze grauti ya aina yoyote, hizo ni silikoni ya bafu, kwa sababu kuta zinacheza kidogo na grauti itapasuka tu.

Sasa matokeo. Tone la maji linakaa juu ya mstari limesimama, haliingii. Maji yetu saa zingine ni ya kisima yana chumvi, bado yanaacha weupe juu, lakini napitisha kitambaa umeenda. Sabuni ikikaa sana ukungu unaweza kujaribu juu ya huo utelezi, tofauti ni kwamba haujapata pa kuingia, sponji na sabuni ya vyombo inatosha. Sila, yaani ile dawa ya kupaka juu kuzuia maji, ya kupaka kila baada ya muda vile grauti ya simiti inataka, hapa haihitajiki kabisa, na hiyo peke yake imenipunguzia kazi sana.

Kama mfuko wako wa pesa haukubali, weka epoksi ndani ya shawa na sakafu ya bafu tu, hapo ndio maji yanashinda, kuta zingine CG2 yenye W inatosha, ipigwe sila ikishakauka vizuri, na usiioshe na zile dawa za choo zenye asidi, zinakula simiti pole pole. Bafu la nyumba ya kupangisha ambalo wapangaji wanahamahama, hapo epoksi naona inalipa hata zaidi, mwenye nyumba atakaa miaka bila kuita fundi. Mimi nikipata pesa ijayo inaenda ukuta wa jikoni nyuma ya jiko, mafuta na manjano ya mchuzi vimeshaanza kula mistari ya pale.