Tathmini ya karakana ya plau jijini Nakuru: fundi aliyetaka kuona vipande kwanza

Mwezi wa Februari plau yangu ya majembe matatu ilikata bolti 11 za usalama katika muda wa siku 3, na kufikia hapo nilikuwa nimelima ekari 7 tu za shamba langu la Rongai. Kila bolti ilipokatika, dereva alilazimika kusimamisha trekta, kugongomea mabaki yatoke kwenye tundu, kuurudisha mguu wa plau, yaani chuma kinachoshikilia jembe, mahali pake na kuingiza bolti nyingine. Nusu saa ilipotea kila mara, na mvua za masika zilikuwa zinakaribia. Naandika kuhusu karakana iliyonitatulia shida hiyo kwa sababu najua wakulima wengi wa Rongai, Njoro na Subukia huendelea kununua bolti hizi kwa kilo, msimu baada ya msimu, bila mtu yeyote kuwauliza zinakatikia wapi.

Plau yangu si ya diski kama zilizozoeleka huku kwetu. Diski hubingirika juu ya jiwe au kisiki na kuendelea, lakini plau yenye mabawa ya kugeuza udongo hukita ncha yake ardhini, na ikigonga kitu kisichosogea lazima sehemu fulani ikubali kuvunjika. Ndiyo maana kila mguu umeshikwa na bolti mbili: moja nene ambayo mguu huzungukia, na nyingine nyembamba iliyowekwa makusudi ikatike ili mguu urudi nyuma, fremu ibaki nzima.

Karakana yenyewe iko katika eneo la viwanda la Nakuru, kwenye ua wenye mashine moja ya kukereza vyuma na mitambo ya kupandia iliyopangwa ukutani. Nilifika nikiwa tayari kununua bolti ngumu zaidi, kwa kuwa muuza vipuri mmoja alikuwa ameniambia niweke za daraja la 10.9 nisahau taabu. Fundi mkuu, mtu wa makamo asiyeongea sana, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mama, zile zilizokatika mmezitupa?" Kwa bahati dereva wangu alikuwa amezihifadhi kwenye kopo la Kimbo. Fundi alizimwaga juu ya gunia, akazifuta mafuta moja moja kwa kitambaa, akazitenga katika mafungu mawili. Katika fungu la kwanza zilikuwa bolti 2 tu, zilizokatika bapa kana kwamba zimekatwa kwa kisu. Fungu la pili lilikuwa na 9, zote zimejikunja shingo kabla ya kuachana, na zote zimekatikia kwenye hesi, ile mikato ambayo nati huzungukia. Alipomuuliza dereva kila moja ilitoka mguu upi, ilibainika kwamba hizo 9 zote zilitoka mguu wa katikati. Hapo akasema kwamba mawe ya shamba hayana sababu ya kuuchagua mguu mmoja.

Tulirudi naye hadi shambani siku iliyofuata. Aliinua plau, akaingiza mtaimbo chini ya mguu wa katikati na kuusukuma, nasi sote tukasikia chuma kikigonga chuma. Bolti nene ilikuwa imelegea na kulika, na tundu la bolti ya usalama lilikuwa limekuwa na umbo la yai: milimita 15 kutoka mbele kwenda nyuma, na 12 na nusu kutoka juu kwenda chini. Trekta inapovuta, mguu wa namna hiyo huchezacheza, na bolti nyembamba hupokea mapigo mamia kwa ekari moja, mapigo ambayo bolti nene ilipaswa kuyazuia. Inachoka na kujikunja, mwishowe inakatika hata kwenye udongo laini.

Kasoro ya pili ilikuwa bolti zenyewe, na hapa nina malalamiko dhidi ya duka nililozoea kununua. Bolti ya daraja la 8.8 huwa imechongwa nambari hiyo kichwani; 8 ya kwanza humaanisha kwamba chuma chake hustahimili mvuto wa nyutoni (kipimo cha nguvu) 800 kwa kila milimita mraba kabla ya kukatika. Zangu hazikuwa na alama yoyote, ilhali niliuziwa kama 8.8. Isitoshe, zilikuwa na hesi kuanzia ncha hadi kichwani, jambo linalomfaa muuzaji kwa kuwa bolti ya aina moja humfaa kila mteja. Fundi alinifanyia hesabu kwa chaki kwenye bawa la plau. Bolti ya milimita 12 ina eneo la milimita mraba 113 penye mwili laini, lakini penye hesi eneo hilo hupungua hadi takriban 84. Chuma hukatika kwa upande kwa karibu asilimia 60 ya nguvu yake ya kuvutwa, kwa hiyo bolti ileile ya 8.8 inayostahimili kama tani 5 na nusu kwenye mwili laini hustahimili tani 4 tu ikikatwa penye hesi. Robo ya nguvu hupotea kwa sababu ya urefu wa hesi peke yake, na hiyo ni bolti iliyo halali.

Kuhusu zile za 10.9, alikataa kuniuzia. Alinionyesha mahali ambapo fremu ya plau ingepinda iwapo mguu ungekataa kuachia, nami nikiutazama ule unene wa chuma nilimwamini. Alikataa pia kuziba tundu kwa kuchomelea, akieleza kwamba moto huharibu ugumu wa chuma cha mguu. Badala yake alilipanua tundu likawa duara tena, akapachika bushi ya chuma kigumu, yaani kibomba kifupi kinachokaa ndani ya tundu, akabadilisha bolti nene, na akaweka bolti za 8.8 ambazo mwili laini unapita kabisa pale mguu unapokutana na fremu. Kisha aliurefusha kidogo mkono wa juu unaounga plau na trekta, kwa kuwa plau ilikuwa imeinamisha pua, na akamwagiza dereva apunguze mwendo hadi kilomita 6 kwa saa na asipinde kamwe kabla ya kuinua plau. Dereva alikiri kwamba hilo la mwisho alikuwa akilifanya kila mwisho wa mtaro.

Nililipa shilingi 7,200 pamoja na nauli ya fundi, bei ambayo naiona ya haki. Yapo niliyokasirikia. Kazi iliyoahidiwa kwa siku moja ilichukua mbili kwa sababu bushi haikuwapo na ilibidi ikerezwe, na risiti niliyopewa iliandikwa "ukarabati wa plau" tu, bila kuorodhesha vipuri. Mkulima anayeweka hesabu zake sawasawa anahitaji zaidi ya hapo, nami nimewaambia hivyo.

Tangu siku hiyo tumelima ekari 26, zangu na za jirani ambaye sehemu ya shamba lake ilikuwa na mikaratusi. Bolti 3 zimekatika, zote huko penye visiki, kila moja kutoka mguu tofauti. Dereva alizileta kwenye kopo lilelile, na zote zilikuwa zimekatika bapa kwenye mwili laini. Miguu mingine miwili nayo imeanza kulika kidogo, na nimekwisha kuwekewa nafasi Novemba itiwe bushi kabla ya msimu ujao.