Kanga ya mama yangu na dobi wa Mwanza

Nimejaribu kusubiri hasira ishuke ndipo niandike. Haishuki. Basi naandika nayo hivyo hivyo.

Habari ni ya duka moja la dobi pale Mwanza mjini, haya ya siku hizi yenye mashine. Jina lake silitaji. Nilipeleka fuko zima la nguo nikarudishiwa karibu zote, na hiyo "karibu" ndiyo iliyoninyima usingizi.

Tuko watatu: mimi, Baba Imani, na Imani mwenyewe ambaye ana miaka 2. Tunasafiri na Coaster kuukuu tuliyoigeuza nyumba. Kulala humo hakutusumbui, kupika hakutusumbui. Kinachotutesa ni kufua. Tenki letu linabeba lita 100. Beseni moja la kufua linakula lita 15, na kusuuza mara mbili ni 30 nyingine. Ukifua mabeseni mawili ya nguo za mtoto, umebakiza lita 10 tu za uji na kila kitu kingine.

Njiani tuna mbinu yetu, na wenye magari kama haya wataielewa. Unachukua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana, maji nusu, sabuni ya unga kijiko kimoja tu, kwa sababu povu likizidi litatafuta pa kutokea na utapangusa sakafu mpaka jioni. Unatia nguo, unaifunga ndoo kwa kamba nyuma kabisa, juu ya ekseli, kisha unaiachia barabara ifanye kazi. Matuta ya kutoka Singida mpaka Shinyanga yametufulia nepi za Imani zikatakata. Lakini shuka haifuliki hivyo. Na kanga ndiyo kabisa, kanga haichanganywi na kitu, itakuachia rangi kwenye kila nguo nyeupe uliyo nayo.

Tulipofika Mwanza tukaegesha upande wa Igombe, ziwa lile pale. Baba Imani akasimama mlangoni akaniambia, "Mama Imani, maji yote yale na sisi tunahesabu ndoo?" Nikamkatalia palepale. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na povu la sabuni sijui utaliitaje kama si uharibifu. Halafu kuna kichocho. Watu wanadhani kichocho ni mpaka uoge au uogelee. Vile vijidudu vinatoka kwa konokono, vinaelea majini, na vinapenya kwenye ngozi nzima isiyo na jeraha. Mfuaji anakaa mikono na miguu majini nusu saa, anavikaribisha mwenyewe. Na hata ungefua kwa usalama, utaanika wapi? Siku ile wale wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda kama moshi, wingu zima, wakija nchi kavu. Taulo moja niliyoianika dirishani niliianua imekuwa nyeusi.

Ndiyo tukaenda kwa dobi.

Kijana wa kaunta alinipokea bila salamu. Akafungua daftari. Jina, nikataja. Simu, nikataja. "Mtaa?" Nikamwambia hatuna mtaa hapa, tumepita, tunalala kwenye gari letu. Akaacha kuandika. Akanitazama, akachungulia nje kuiona Coaster, akarudi kunitazama. "Kwenye gari? Na mtoto?" Akamgeukia mwenzake aliyekuwa anapiga pasi wakacheka. Kisha akasema nilipe yote kwanza, shilingi 18,000, kwa sababu watu wa aina yetu hawakawii kuondoka. Pale alipotakiwa kuandika mtaa akaandika GARINI, kwa herufi kubwa.

Nililipa. Bado najilaumu kwamba nililipa.

Nilimtengea kanga pembeni nikamwonyesha. Doti moja, vipande viwili, nyekundu na nyeusi, imeandikwa NANI KAMA MAMA. Ni ya marehemu mama yangu. Ndiyo aliyonibebea mgongoni, ndiyo ninayombebea Imani. Nikamwambia hii ifuliwe peke yake, kwa mkono, maji ya baridi, isipigwe pasi. Akaitikia "sawa" huku macho yako kwenye simu.

Tuliambiwa kesho. Kesho ikawa keshokutwa, keshokutwa ikawa jioni yake. Tulipokabidhiwa, fuko lilikuwa zito, na nikagusa nikajua nguo zina unyevu. Nikauliza. Akanijibu, "Si mna nyumba yenye matairi? Mtaanika mkiwa mnatembea." Tulikuwa tumechelewa, tulitaka kufika Sengerema kabla ya giza, nikanyamaza. Tukavuka Daraja la Magufuli pale Kigongo na kamba imefungwa toka kiti cha dereva mpaka jikoni, mashuka yananing'inia juu ya kichwa cha Imani. Daraja lenyewe ni raha tupu, kilomita 3 za kupita juu ya maji mahali ambapo kabla ya 2025 ungekaa foleni ukisubiri kivuko. Sikuliona. Nilikuwa nahesabu nguo.

Kanga ilikuwa kipande kimoja.

Nilimwaga fuko lote kitandani, nikakung'uta kila foronya. Baba Imani alinitazama mara moja tu, hakuuliza, akageuza gari.

Sasa sikilizeni alichonijibu yule kijana. Nilimwamkia vizuri, nikamweleza, nikamwonyesha kipande kimoja. Akaniambia, "Mama, nyie si mnaishi barabarani? Mmeidondosha huko huko." Mbele ya wateja wanne. Mmoja akaguna. Nikasema naomba tuangalie ndani. Akasema wateja hawaingii. Sauti yangu ikapanda, nakiri, na sikujali nani ananisikia. Nilimwambia mtu anayelala kwenye gari ana mama kama aliyelala kwenye ghorofa.

Hapo mlango wa nyuma ukafunguka. Akatoka mama mmoja wa makamo, kanga kiunoni, mikono imekunjamana kwa maji, vidole vyeupe kabisa. Sikuwa nimejua kama kuna mtu huko nyuma. Nikamwambia shikamoo. Akaitikia, "Marahaba mayu," yaani mama kwa Kisukuma, akauliza kuna nini. Nikainua kipande changu. Alikitazama kidogo tu. "Hiyo nimeifua mimi. Vilikuwa viwili. Nimevianika mwenyewe." Hakugombana na mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya kupigia pasi, akasogeza shati lililokuwa juu, akavuta nguo iliyotandikwa chini yake.

Ilikuwa imekunjwa mara mbili, imelainishwa kwa joto, maandishi yametazama chini. NANI KAMA MAMA, na juu yake watu wa mji mzima wamenyooshewa suruali siku mbili. Kwenye pindo kulikuwa na doa la kahawia, upana wa sarafu ya 200.

Nimepanga sentensi ya kuandika hapa kwa muda mrefu: msiende duka lile kabisa. Nimeiandika, nikaifuta. Kwa sababu nikizitazama shuka zetu, tangu tuanze safari hazijawahi kuwa safi kiasi hiki. Ukosi wa shati la Baba Imani, ambao mimi mwenyewe nilishakata tamaa nao, umerudi mweupe. Vifungo vyote vipo. Yule mama alikuta bibu ya Imani imechanika akaitia uzi bila kuombwa wala kudai. Zile nguo hazikufuliwa na mashine za kuonyesha wateja. Zilifuliwa uani, kwa mikono ile, na yule mama alizitendea haki kuliko nilivyowahi kuzitendea mimi. Unyevu haukuwa wake pia: alinieleza kwamba alizianika asubuhi, na zikiwa zimebakiza kama saa mbili za jua zikauke, kijana akaziondoa kambani ili aweke za wateja "wa hapa". Ndivyo alivyotamka, wa hapa.

Kwa hiyo ufuaji nausifu bila kusita. Ukienda Mwanza na nguo chafu za wiki mbili, utazipata safi. Hivyo ndivyo ningeishia kama ningekuwa na roho nyepesi. Lakini nikikumbuka lile daftari na neno GARINI, narudi palepale: usafi wa mama yule unauzwa na mtu asiyestahili hata kuushika. Msiende. Au nendeni, lakini hesabuni nguo mbele yake moja moja, kila kipande kiandikwe, kanga ziandikwe vipande na siyo doti, na msiondoke mpaka mmegusa kila nguo kwa kiganja.

Tulilala Mwanza tena usiku ule. Yule mama aliondoka na kipande kile, akakiloweka kwake kwa maji ya chumvi rangi isitoke, akatuletea asubuhi kimekauka na kukunjwa pamoja na mwenzake. Doa limepungua, halijaisha. Baba Imani alimpa pesa, akakataa, akamchukua Imani akambeba kidogo.

Kijana alikuwepo kaunta, ametuona. Fidia sikumdai hata shilingi. Nilichomdai ni samahani, na mpaka naandika hapa hajaitamka.