San Andreas ya kununua leo: matoleo yote, kuanzia bora hadi la kuachana nalo

Mtu yeyote aliyewahi kulipia nusu saa kwenye banda la gemu miaka ile ya PlayStation 2 anamjua CJ, yule mhusika unayemchezesha. Anaijua Grove Street, mtaa wa nyumbani kwake, anajua rafiki yake Big Smoke alilalamika nini kuhusu ile treni, na kama alicheza kwenye kompyuta basi huenda HESOYAM, ile kodi ya kudanganyia gemu, inamtoka kichwani haraka kuliko namba yake ya NIDA. Grand Theft Auto: San Andreas ilitoka Oktoba 2004. Wale watoto waliokuwa wakigombania pedi sasa wana mishahara, PS4 za mtumba na laptop za kazini, na wengi wanataka kuirudia. Tatizo ni kwamba zipo San Andreas nyingi sokoni, zote kwa jina lilelile, na tofauti kati yao ni kubwa kuliko kasha linavyoonyesha.

Kabla ya kupanga nani wa kwanza na nani wa mwisho, niseme ninapimia nini, maana mwenye kipimo kingine atapata orodha nyingine. Mimi napimia ukungu.

Ramani ya San Andreas ni mraba wa kilomita 6 kwa 6 tu. Humo wamebana miji mitatu, jangwa, misitu, mashamba na Mlima Chiliad. PS2 ilikuwa na memori ya MB 32, haikuwa na uwezo wa kuchora vitu vya mbali, hivyo waundaji wakaufunika upeo kwa ukungu na ile rangi ya machungwa ya hewa chafu ya Los Santos, mji wa nyumbani kwa CJ. Udhaifu wa mashine ukazaa kitu kizuri. Tenpenny, yule polisi mla rushwa, anapokutupa Angel Pine, kijiji cha porini chini ya Chiliad, baada ya mambo kuharibika nyumbani, huoni ghorofa hata moja, huoni barabara inaishia wapi, na unaamini kweli umetupwa mkoa mwingine. Ondoa ukungu huo, unasimama juu ya Chiliad na kuuona mji mzima ulioachwa hapo chini, karibu kabisa. Safari yote ya CJ inageuka kuwa matembezi ya mtaa wa pili.

Sasa tuje kwenye orodha.

1. Trilogy ya PS4, PS5, Xbox au kompyuta, lakini iliyosasishwa

Jina lake kamili ni Grand Theft Auto: The Trilogy – The Definitive Edition. Unapata gemu tatu, GTA III, Vice City na San Andreas, zilizojengwa upya kwa programu ya kuundia gemu ya Unreal Engine 4. Najua wapo watakaoshangaa kuiona namba moja, kwa sababu ilipotoka Novemba 2021 ilikuwa aibu. Mvua ilionekana kama nyuzi nyeupe zilizoning'inizwa mbele ya kamera, nyuso za watu zilivimba, na toleo la kompyuta liliondolewa sokoni kwa siku kadhaa kwa sababu ya mafaili yasiyotakiwa yaliyosahaulika ndani. Rockstar, wenye gemu wenyewe, waliomba radhi. Na kosa lililoniuma zaidi ni kwamba ukungu ulikuwa umefutwa. Walipata mashine zenye nguvu, wakaona hakuna haja ya kuficha kitu.

Kilichobadilisha hukumu yangu ni masasisho ya Novemba 2024. Yalileta chaguo la mwanga wa kizamani (Classic Lighting), anga likarudi rangi yake, na umbali ukafunikwa tena. Ukiinunua, kazi ya kwanza kabla hujagusa misheni yoyote ni kuingia kwenye mipangilio ya picha na kuhakikisha mwanga huo umewashwa. Zaidi ya hapo unapata mambo ambayo zamani tungeyalilia: ramani inayokuchorea njia, gurudumu la kuchagulia silaha, gemu inayojihifadhi yenyewe, na ukifeli misheni unaianza upya palepale badala ya kuendesha gari tena mji mzima. Aliyewahi kuifukuza treni ile mara kwa mara atanielewa.

Onyo moja la pesa, na lisikupite. Diski za mtumba za Trilogy zinauzwa sana, lakini diski iliyochapwa mwishoni mwa 2021 ina gemu ya 2021 ndani yake, na ubovu wake wote. Masasisho yanatoka kwenye intaneti. Kama PS4 yako haijawahi kuunganishwa na Wi-Fi na hutaki kuchoma bando, umenunua lile toleo lililotukanwa. Muuzaji akikuwekea pale dukani uone inavyocheza, tafuta hilo chaguo la mwanga wa kizamani. Lisipokuwepo, haijasasishwa.

Ukinunua kwa njia ya mtandao, usilipe bei kamili. Ilianza kwa karibu dola 60 na huwa inashuka sana kwenye mauzo ya punguzo. Wenye PlayStation wa Afrika Mashariki wanaijua adha ya kufungua akaunti ya nchi nyingine na kununua kadi za salio. Hakikisha kadi ni ya nchi ileile ya akaunti, la sivyo haitaingia. Wa kompyuta wana nafuu, kadi ya Visa inatosha, ila mashine yenyewe lazima iwe na nguvu: RAM ya GB 8, kadi ya picha ya kiwango cha GTX 760 kwenda juu, na nafasi ya GB 45. Laptop ya ofisi ya kawaida haitoboi.

Kuna kilichopotea ambacho hakuna masasisho yatakayokirudisha, nacho ni redio za ndani ya gemu. Leseni za baadhi ya nyimbo ziliisha, kwa hiyo ukikaa Radio X ukimsubiri Rage Against the Machine au Ozzy Osbourne utasubiri sana. K-DST bado ina Axl Rose kama mtangazaji, K-Jah West ipo, Radio Los Santos ipo. Lakini sikio lililoikariri foleni ya nyimbo litasikia mapengo.

2. Ile ya zamani ya kompyuta

Kwa mtu mwenye laptop dhaifu, hii ndiyo namba moja yake na asisumbuke na ya juu. Ilitoka Juni 2005, na ilidai prosesa ya GHz 1, RAM ya MB 256 na nafasi ya GB 3.6. Kompyuta yoyote inayowaka leo inaiweza.

Shida ni kuipata kihalali. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, iliacha kuiuza Oktoba 2021 wakati Trilogy inatangazwa. Aliyeinunua kabla ya hapo bado anayo kwenye akaunti yake, kwa hiyo muulize kaka mkubwa au binamu aliyekuwa na kadi ya benki enzi hizo kabla ya kutafuta kwingine. Ya kwenye flashi, ile unayonakiliwa mtaani, siipangi kwenye mwongozo wa kununua. Nitasema tu kwamba mara nyingi huja na virusi na sauti zilizokatwa ili faili liwe dogo.

Ukiipata, usiicheze mikono mitupu. Weka SilentPatch, ambayo hurekebisha makosa mengi ya toleo hili kwenye Windows za sasa, na SkyGfx, ambayo hurudisha rangi na hewa ya PS2. Hiyo ya pili ni muhimu kwa sababu hata mwaka 2005 kompyuta haikupewa anga lilelile la PS2. Wengi waliocheza kwenye kompyuta za mgahawa wa intaneti walikuwa na Los Santos safi kuliko iliyokusudiwa. Halafu acha kile kizuizi cha kasi ya fremu (frame limiter), kilichomo kwenye mipangilio, kiwe kimewashwa. Ukikizima picha inakuwa laini, ni kweli, ila gemu ilipigiwa hesabu zake kwa kasi ndogo, na utamwona CJ anaogelea kama amefungwa mawe.

3. Trilogy ya simu

Ilitoka Desemba 2023 kwa Android na iPhone, na Netflix nao wakaitoa siku hiyohiyo kwa wateja wao bila malipo ya ziada. Kichekesho ni kwamba mwanga wa kizamani ulianza huku kwenye simu, karibu mwaka mzima kabla haujafika kwenye PS5. Kwa picha, simu nzuri ya leo inakupa San Andreas nzuri kweli.

Naishusha hadi nafasi ya tatu kwa sababu ya vidole. Kuendesha gari kwa kugusa kioo unazoea. Kupiga risasi huku unakimbia huzoei, na misheni za shule ya urubani kwa kioo ni adhabu. Ukiwa na pedi ya Bluetooth mambo yanabadilika, ipandishe nafasi moja. Kama unapitia Netflix, orodha yao ya gemu hubadilika, kwa hiyo ingia uangalie kama San Andreas bado ipo kabla ya kulipa mwezi kwa ajili yake tu.

4. Ya simu ya mwaka 2013

Nyepesi, kama GB 2.5, bei ilikuwa chini ya dola 7, na inakubali simu ambazo Trilogy ingezichemsha. Ilitengenezwa na War Drum Studios, ambao baadaye walibadili jina kuwa Grove Street Games na ndio waliopewa kazi ya Trilogy ya 2021. Ukicheza zote mbili unaona undugu wao. Rangi za PS2 hazimo. Kwa safari ya basi Dar hadi Mwanza inatosha kabisa. Nunua dukani kwenye simu yako, usichukue mafaili ya kwenye makundi ya Telegram yanayoomba ruhusa ya kusoma meseji zako. Gemu haina shughuli na meseji.

5. Xbox 360 na PS3

Hizi zilitokana na ile ya simu, zikatoka 2014 na 2015. Ukikuta diski kwa bei ya soda, sawa. Zaidi ya hapo sioni sababu.

6. Nintendo Switch

Trilogy ileile, kwenye mashine dhaifu. Kama huna kingine.

Imebaki PS2 yenyewe, ambayo nimeitoa nje ya namba kwa sababu kuinunua leo ni shughuli ya aina nyingine. Ndiyo yenye ukungu wa asili na redio kamili, na pia ina kitu ambacho Trilogy haina: kucheza watu wawili kwa pamoja, pedi mbili, ukizifikia zile alama zilizotawanyika ramani nzima. Lakini uzalishaji wake ulikoma mwanzoni mwa 2013, kwa hiyo utakayoipata imechoka. Ijaribu papohapo kwa diski ya gemu ndefu, usikubali kuonyeshwa menyu tu. Lenzi iliyochoka hufungua menyu vizuri, kisha hukwama ukianza kukimbiza gari na mashine kulazimika kusoma mji kwa haraka. Ukiweza iwashe kwa nusu saa. Omba memori kadi ya MB 8 iwe ndani ya bei, na uhifadhi gemu mbele ya muuzaji, uzime, uwashe tena. Na usiiunganishe na TV bapa ya inchi 55 ukitegemea muujiza. Itakuwa chenga tupu. Kuna TV za kichogo zinauzwa kwa bei ya kutupwa kwa mafundi, ndizo za kuziulizia.