Rekodi ya sauti ya "Et dukkehjem": je, Nora na Torvald wangefikia talaka?

Nimesikiliza mara mbili, kuanzia mwanzo hadi mwisho, rekodi ya sauti ya tamthilia ya mwandishi wa Norway, Henrik Ibsen, Et dukkehjem, jina ambalo maana yake ni nyumba ya mwanasesere. Niliinunua katika programu ya vitabu vya kusikiliza. Imetokana na tafsiri ya Kiingereza, inachukua karibu saa mbili na nusu, na kila mhusika amepewa mwigizaji wake. Naandika tathmini hii hasa kwa sababu maelezo yanayomvutia mnunuzi yanasema kwamba ni kisa cha mke anayemtaliki mumewe, na hilo si kweli. Katika tamthilia hii hakuna talaka. Yuko mke anayeondoka usiku, na kama ndoa yake ingefikia talaka ni swali ambalo mwandishi amelifungia nje ya mlango pamoja naye.

Kwa asiyeijua hadithi, Nora na Torvald Helmer wameoana kwa miaka 8 na wana watoto watatu, Ivar, Bob na Emmy. Torvald ameteuliwa kuwa meneja wa benki na ataanza kazi mwaka mpya. Ndani ya nyumba yeye ndiye mwenye neno, naye humwita mkewe kwa majina ya ndege na wanyama wadogo. Asichojua ni kwamba miaka ya nyuma, alipougua na kuhitaji kupelekwa Italia, Nora alikopa spesidaler 1,200 (sarafu ya zamani ya Norway) kwa siri na kughushi saini ya baba yake kama mdhamini. Aliyemkopesha, Krogstad, ameligundua kosa hilo kwa kuwa saini imeandikwa tarehe 2 Oktoba, ilhali mzee alikwisha kufariki tarehe 29 Septemba.

Thamani ya rekodi hii imo katika mazungumzo ya mwisho ya sehemu ya tatu, na hapo waigizaji wawili wakuu wamefanya kazi ambayo sijawahi kuisikia ikifanywa vizuri zaidi. Torvald anaposoma barua ya Krogstad inayofichua siri hiyo, jambo la kwanza analolifikiria ni sura ya nje: mkewe ataendelea kukaa nyumbani, watu wasione tofauti yoyote, ila hatakabidhiwa tena malezi ya watoto. Mwigizaji hapigi kelele hapa. Anayasema maneno hayo kwa utaratibu, kama mtu anayepanga majalada mezani, na utulivu huo ndio unaotisha. Dakika chache baadaye Krogstad anairudisha hati ya deni, na Torvald anatamka kwamba amenusurika. Nora anauliza kama yeye pia amenusurika, na kabla ya jibu kuja kuna kimya kifupi sana, ambacho nilikirudia mara tatu ili nikisikie vizuri.

Niliposikiliza mara ya pili nilishika karatasi, nikaandika kila ishara inayoonyesha kama watu hawa wangetalikiana. Nora anarudisha pete yake na kudai ya mumewe. Torvald anauliza kama hata hiyo anaitaka, kisha anaitoa. Nora anasema amesikia kwamba mke akiihama nyumba ya mumewe, sheria inamwondolea mume wajibu wote kwake. Kwa upande wa Nora, basi, jambo limekwisha, na haoni sababu ya kwenda kuomba cheti mahali popote. Lakini msikilize Torvald baada ya hapo. Anaomba ruhusa ya kumwandikia barua, anakataliwa. Anaomba walau amsaidie akiwa na shida, anajibiwa kwamba Nora hapokei kitu kutoka kwa mgeni. Sauti ya mwigizaji inapungua kwa kila ombi, hadi la mwisho linasikika kama pumzi tu. Mume anayeomba kuandika barua hayuko njiani kwenda kudai talaka.

Sheria ya Norway ya wakati ule inaongeza uzito upande huo huo. Kanuni za Christian wa Tano, mfalme wa Denmark na Norway, za mwaka 1687, zilizokuwa bado na nguvu, ziliruhusu ndoa kuvunjwa kwa sababu chache, zikiwemo uzinzi na kutelekezwa. Talaka kwa makubaliano ya wanandoa iliwekewa sheria yake mwaka 1909, miaka 30 baada ya tamthilia kuchapishwa. Uzinzi haupo hapa. Kilichobaki ni utelekezaji, na hilo ni dai ambalo Torvald mwenyewe angelazimika kulipeleka kwa wakuu, akikiri kwa maandishi kwamba mkewe amemkimbia. Meneja mpya wa benki, ambaye hofu yake kubwa ni maneno ya watu, angefanya hivyo upesi? Mimi nasema hapana. Angesema mkewe amekwenda kupumzika kwao, angemwachia watoto yaya Anne-Marie, na miaka ingepita. Naamini talaka ingekuja kwa kuchelewa sana, pengine siku ambayo Torvald angetaka kuoa tena, na isingekuja kwa mkono wa Nora.

Ibsen alimjua mwanamke aliyepitia mkasa unaofanana na huu, mwandishi Laura Kieler, aliyekopa kwa siri ili mumewe mgonjwa atibiwe. Mambo yalipofichuka, aliwekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili na kutenganishwa na watoto wake, na baadaye alirudi kuishi na mume yule yule. Habari hiyo hunihuzunisha kila ninapoikumbuka, na ilistahili kutajwa katika utangulizi wa rekodi, ambao badala yake unatumia dakika nzima kuwasifu watayarishaji.

Kosa kubwa zaidi limo mwishoni. Mara tu tamthilia inapomalizika, rekodi inaendelea yenyewe, bila onyo, na kucheza mwisho mwingine ambamo Nora anaonyeshwa watoto waliolala, anaishiwa nguvu karibu na mlango na kubaki. Mwisho huo una historia yake: mwaka 1880 mwigizaji wa Ujerumani, Hedwig Niemann-Raabe, alikataa kuigiza mama anayewaacha wanawe, na Ibsen akauandika mwenyewe kwa shingo upande ili mtu mwingine asije akamwandikia, na akauita ukatili dhidi ya tamthilia yake. Msikilizaji haelezwi neno lolote kati ya hayo. Rafiki yangu aliyeisikiliza rekodi hii hii alibaki akiamini kwamba Nora alirudi, na sikuweza kumlaumu. Watayarishaji wakiitenga sehemu hiyo na kuitangulizia sentensi mbili za maelezo, itakuwa nyongeza yenye faida.

Mengine ni ya kuridhisha. Daktari Rank, rafiki wa familia, amepata sauti inayomfaa, bibi Linde, rafiki wa Nora, ni mkavu kupita kiasi, na muziki wa tarantella, ngoma ya Kiitaliano anayoicheza Nora, umerekodiwa karibu mno hadi unafunika maneno. Bado nashauri inunuliwe, mradi mnunuzi auruke utangulizi na aizime rekodi baada ya kishindo cha mlango Nora anapoondoka. Mlango wenyewe fundi wa sauti ameuweka palipo pake: chini, mbali, nyuma ya ngazi. Torvald ameachwa peke yake chumbani, analirudia neno la mwisho alilosikia kwa mkewe kuhusu muujiza ambao ungeyageuza maisha yao kuwa ndoa, na kwa nusu sekunde sauti yake inapanda kwa matumaini kabla ya kishindo kufika.