Uzoefu wangu: tuisheni ya bailojia ya jioni, Chake Chake

Nimemaliza muhula wa tuisheni ya bailojia hapa Chake Chake, Pemba, nikijiandaa kuomba nafasi ya stashahada ya uuguzi. Wengi wananiuliza kama ada yake inastahili. Inastahili, na sababu kubwa ni kwamba Maalim wetu hafundishi molekuli za uhai, utando wa seli na mawasiliano ya seli kama mada tatu za kukariri kwa ajili ya mtihani. Anazifundisha mpaka uone zinategemeana.

Sehemu ya kwanza ni nyepesi kwa aliyesoma sayansi mpaka kidato cha nne: kabohaidreti, protini, lipidi, asidi za nukleiki. Hapo alikwenda mbio, ila alisimama kwenye mwani. Wengi wetu tuna mama au shangazi anayelima mwani, na skuli hatukuwahi kuambiwa kuwa kinachotafutwa na viwanda vya nje ndani yake ni karaginani, yaani kabohaidreti ya minyororo mirefu ya sukari. Akasimama tena kwenye siko seli. Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni kwenye damu, na mnyororo wake wa beta una asidi za amino 146, yaani vipande vinavyounda protini. Ile ya 6 ikiwa valini badala ya asidi ya glutamiki, chembe nyekundu hupinda. Wenzetu wenye ndugu wagonjwa waliuliza maswali hadi jioni ikaisha, na Maalim hakumkatiza hata mmoja.

Pesa yangu niliiona imerudi tulipofika kwenye utando wa seli, ile ngozi nyembamba inayoizunguka seli. Alichora kwa chaki fosfolipidi, molekuli ya mafuta inayoujenga utando huo: kichwa kinachopenda maji, mikia miwili inayoyakimbia. Ukizitia kwenye maji zinajipanga zenyewe tabaka mbili, mikia ndani, vichwa nje, na unene wote haufiki nanomita 10. Mwaka 1972 wanasayansi Singer na Nicolson walieleza kuwa protini zinaelea ndani ya mafuta hayo. Glukosi, ambayo ni sukari, na sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi, haziwezi kupenya mafuta kwa wepesi, kwa hiyo lazima zipite kwenye protini, na kila protini ina chake inachokiruhusu.

Kisha akatoa mfukoni pakiti ya ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji anayopewa anayeharisha, akatusomea maandishi ya nyuma: glukosi gramu 13.5, chumvi ya kawaida gramu 2.6, na vyengine, kwa maji lita moja. Akauliza sukari ni ya nini. Darasa likajibu, ya kumpa mgonjwa nguvu. Akatikisa kichwa, akarudi ubaoni.

Alianza na kipindupindu, maradhi ambayo visiwa vyetu vimeshayaona mara nyingi. Sumu ya bakteria wake inaingia kwenye seli za utumbo na kuifanya protini ya G, inayopitisha ishara ndani ya seli, ibaki imewaka. Saikliki AMP, molekuli ndogo inayoibeba ishara hiyo, inazidi kutengenezwa, njia ya kloraidi inabaki wazi, kloraidi inamwagika utumboni, sodiamu inaifuata, na maji nyuma yao. Ishara ambayo kawaida huwaka ikazima sasa imekwama. Ndivyo mtu anavyokaukiwa ndani ya saa chache hali ya kuwa ukuta wa utumbo wake haukujeruhiwa.

Lakini kuna protini nyengine ambayo sumu hii haiizuii. Hiyo inachukua glukosi moja pamoja na sodiamu mbili, ikaziingiza kwa mpigo, na maji yanafuata. Sukari ya kwenye pakiti inaisaidia chumvi kuingia! Akatuonya na vipimo pia: sukari ikizidi, osmosisi inayavuta maji kurudi utumboni na mgonjwa anaharisha zaidi. Nimewachanganyia wadogo zangu ORS miaka yote, na tangu jioni ile nailinda ile lita moja kwa makini sana.

Kasoro zipo, na zinaniuma kwa sababu darasa lenyewe ni zuri. Mawasiliano ya seli yalibanwa mwishoni. Insulini tulielezwa vizuri, jinsi inavyoshika kipokezi chake na seli za misuli zikapandisha juu ya utando protini za kupitishia glukosi. Baada ya hapo, vimeng'enya vinavyoamshana kwa kupeana fosfati tulisomewa tu kutoka kwenye notsi. Na notsi zenyewe ni kopi ya kopi. Mishale imefifia hata huoni inaelekea wapi, na katika mada hii usipoiona mishale huna ulichosoma. Hadubini hakuna kabisa. Kwa ada wanayotoza, hata moja ya kupokezana ingewezekana.

Anayetaka kujiunga aende na daftari lisilo mistari na kalamu za rangi, anakili ubaoni, asizitegemee kopi. Wanaotoka Wete na Mkoani waulize kwanza saa za darasa, maana magharibi ikishaingia gari za kurudia ni za kubahatisha.