Sindano za mianzi zenye waya na uzi wa pamba: maoni ya mtu aliyefumia hospitali

Naanza na bei maana najua ndiyo mtakayouliza. Sindano za mianzi, zile mbili zilizoungwa kwa waya wa plastiki katikati, saizi milimita 4, urefu sentimita 80, nilinunua kwa muuzaji wa Kariakoo kwa elfu kumi na tano, nikatuma pesa kwa simu akapakia kwenye basi nikaenda kuchukua mzigo wangu stendi ya Kange. Uzi wa pamba donge la gramu 50 ni elfu nne mpaka tano, inategemea duka na siku hiyo muuzaji kaamkaje. Ni ghali sibishi, sindano za chuma zile ndefu za kawaida hapa Tanga mjini unapata kwa elfu tatu, na akriliki ukizunguka maduka ya Ngamiani hukosi donge kubwa la elfu mbili na mia tano. Sasa kwa nini nasema toa hiyo hela, endelea kusoma.

Mie sifumi biashara. Mama alinifundisha krosheti nikiwa shule ya msingi, vile vitambaa vya makochi mnavijua, halafu sindano mbili nikajifunza mwenyewe ukubwani kwa video. Ramadhani ya 2023 baba akapata kiharusi, upande wa kushoto wote, asubuhi tu baada ya daku. Tukampeleka hospitali ya Bombo na tangu hapo maisha yakawa zamu, kaka zangu usiku maana ni wodi ya wanaume, mie na mdogo wangu mchana. Na niwaambie ambao hamjauguza, mchana wa kuuguza mwingi wake ni kukaa benchi la nje. Unasubiri muda wa kuona wagonjwa, unasubiri majibu ya vipimo, unasubiri daktari apite, umefunga, mvua ya masika inapiga huko nje, simu imeisha chaji na ikiwa na chaji ndo balaa zaidi maana kila dakika mtu anauliza mzee anaendeleaje na huna jipya la kumwambia. Wifi alikuwa mjamzito, nikasema basi nimfumie mtoto blanketi, angalau mikono iwe na shughuli.

Mwanzoni mzigo wa Kariakoo ulikuwa haujafika kwa hiyo nilikwenda na zile za chuma. Jamani. Benchini mmekaa watu mmebanana, kila ukifuma kiwiko kinamgonga wa kulia na ncha inamchoma wa kushoto. Ikikuponyoka ikadondoka sakafuni, ngriii, korido nzima inageuka, na watu walioko pale hawahitaji kushtuliwa zaidi ya walivyokwisha kushtuka. Lakini hayo madogo. Kubwa ni kwamba pale unaitwa ghafla. "Ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha dirishani!" na hapo hakuna cha ngoja nimalize mstari, unainuka ulivyo, unatupa kila kitu mkobani, ukirudi nusu ya vitanzi vimechomoka na vimeshaanza kufumuka mpaka huko chini. Kuokota vitanzi themanini na kichwa chako hakipo ni kitu cha kukuliza bure, na watu watadhani unalilia mgonjwa.

Hizi za waya unasukuma vitanzi vyote vinakaa katikati kwenye waya, unakunja, unatia mkobani, basi, hata kama uko katikati ya mstari. Ukirudi baada ya saa moja au wiki mbili vipo palepale. Siku hizi kitu chochote cha kufumia nakipima kwa hilo kwanza, naweza kukiacha ghafla au siwezi, mambo ya rangi na ulaini yanafuata. Na mshono vilevile, mie nilifuma mshono mmoja tu wa kawaida kwenda na kurudi, hauhesabu, hausomi karatasi, ukikatizwa hupotei. Mtu akikwambia ufume maua na misuko wakati unauguza hakutakii mema.

Mianzi yenyewe ni myepesi na haipigi kelele, unaweza kufuma pembeni ya mgonjwa aliyelala asijue kama upo. Pia inaushika uzi kidogo, haitelezi kama chuma, kwa hiyo kitanzi hakikukimbii. Ubaya wake ni pale mti unapoungana na waya, kwenye zangu pana kijukingo kidogo na uzi ulikuwa unakwama kila mstari mpaka nikapasugua na msasa ule laini kabisa. Waya nao unakuja umejikunja kutoka kwenye paketi na ukifuma unakupandia usoni, dawa yake chovya waya (sio mti!) kwenye maji ya moto kidogo kisha unyooshe wakati ungali na joto, utatulia.

Sasa uzi. Hapa inabidi nimtaje baba maana maoni mengi ni yake na si yangu.

Baba alikuwa fundi cherehani, kashona kanzu na sare za shule huko Ngamiani miaka mingi, ukimletea habari ya uzi umemletea habari yake. Siku niliyoingia na kile kiblanketi nilichokianza kwa akriliki akakishika kwa mkono wake mzima, akakifikicha, akasema, ulimi mzito lakini maneno yote yametimia, "Mama, huu si uzi, huu mfuko wa rambo." Nikacheka, nesi naye akacheka. Lakini hakuwa anatania, na ukweli ni kwamba akriliki asili yake ni mafuta ya petroli, ni ndugu wa plastiki kabisa. Akanikumbusha kile kipimo cha mafundi, kwamba usisome karatasi ya donge, kata kipande uchome. Pamba inashika moto upesi, inanuka karatasi iliyoungua, inaacha majivu laini ukiyagusa yanasambaratika. Akriliki inayeyuka, moshi mweusi, harufu kali, na ikipoa inabaki punje ngumu nyeusi. (Mkijaribu fanyeni juu ya sahani ya maji, shikeni kwa kibanio cha nyusi, na watoto wakae mbali, hiyo punje ikikudondokea inaganda na ngozi.)

Nikaenda kujaribu nyumbani baada ya futari na madonge niliyonunua maduka tofauti. Duka moja, jina naliacha, wanauza uzi karatasi yake imeandikwa pamba tupu, nilivyochoma nikapata majivu na punje humohumo, maana yake umechanganywa, na bei ni ileile ya pamba. Nilivyorudi kuuliza yule kijana akaniambia "dada mbona wengine hawalalamiki", sasa wengine wanakwenda dukani na kibiriti? Kwa hiyo ushauri wangu nunua donge moja kwanza, choma, ndo urudi kuchukua mengine.

Ila rudi haraka. Kwenye karatasi ya donge kuna namba ya rangi na chini yake kuna namba nyingine, watu wengi hawaiangalii, hiyo inaonyesha madonge yaliyotiwa rangi pamoja kwa mkupuo mmoja. Zikitofautiana, kijani si kijani. Nitawaambia chini ilinigharimu nini.

Nikafumua akriliki yote nikaanza upya na pamba, na kuanzia hapo kazi ya donge ikawa ya baba. Nikiruhusiwa kuingia analiweka kifuani, kwa mkono wa kulia ananiachia uzi kidogo kidogo nisiuvute, nikiuvuta ananitazama vile alivyokuwa anatazama wanafunzi wake wa cherehani. Yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo akaona akasema vizuri, muwekeeni na wa kushoto ajaribu kulishika. Wa kushoto haukushika ila tuliendelea kumuwekea. Kwa hiyo naandika hapa kitu ambacho hakimo kwenye karatasi, donge la pamba la gramu 50 linaenea kiganja cha mtu mzima na likidondoka halifiki mbali, yale ya akriliki ya gramu 100 yanaviringika mpaka uvunguni na nani ataingia uvungu wa kitanda cha hospitali.

Kwa hali ya hewa yetu pia pamba ndiyo yenyewe, mkono ukitoka jasho uzi unalinyonya badala ya kunata kwenye vidole. Lakini msidanganywe kwamba haina tabu. Ni nzito, haivutiki, ukifuma muda mrefu kifundo cha mkono kinauma, na ukiifua msimu wa masika haikauki leo wala kesho.

Baba alifariki kumi la mwisho, Idi iko karibu kabisa. Mungu amrehemu na wote waliotangulia.

Mkoba wangu ulirudi nyumbani pamoja na vitu vya hospitali, chupa ya chai, shuka, kandambili zake. Blanketi lilikuwamo ndani, katikati ya mstari. Sikuligusa. Idi ikaingia na nyumba bado ina mikeka ya matanga, na Idi ya kufiwa wenye kuijua mnaijua, watoto huko nje wana nguo mpya wanapita kudai sikukuu, wakifika mlangoni kwetu wanasita hawajui waseme Idi mubaraka au waseme pole. Wakubwa nao walewale. Majirani walileta pilau, tambi na vibibi vya kulisha mtaa mzima, nani ale. Nikautoa ule mkoba, na wallahi hakuna hata kitanzi kimoja kilichokuwa kimetoka, nikaendelea pale pale nilipoishia. Elfu kumi na tano yangu ililipa siku hiyo. Halafu mikono ikiwa na kazi watu hawakuhoji sana, wala hulazimiki kumtazama kila anayekuja kukupa mkono.

Shangazi akanong'ona kwamba si adabu kufuma msibani, tena siku ya Idi. Mama, ambaye tangu alfajiri alikuwa hajasema neno, akamwambia "Muache, wifi yangu, babake ndo alikuwa akimshikia huo uzi." Shangazi akanyamaza. Baadaye sana akaja kuniuliza bei.

Mama akakaa eda, miezi minne na siku kumi, na hapo ndipo uzi huu ulipopata maoni ya pili, maana yeye hakukubaliana na mie kabisa. Kwanza sindano alizikataa, ati sindano gani ina mkia. Akachukua kulabu yake ya zamani ya chuma akaanza kufuma vipande vya mraba kwa uzi uleule, kutwa yuko chumbani na kulabu. Malalamiko yake ni kwamba uzi haukusokotwa ukakaza, ncha ya kulabu inaingia katikati ya uzi badala ya chini yake, unapasuka nyuzi mojamoja na kazi inaonekana ina manyoya. Nimejaribu mwenyewe, ni kweli. Kwa sindano za mianzi huoni sana hilo tatizo kwa sababu ncha zake ni butu, kwa krosheti utachukia. Kwa hiyo wenye krosheti tafuteni pamba iliyokaza zaidi, ile inayong'aa kidogo ndiyo mama anaisifia, nyembamba na ghali zaidi ila haipasuki.

Kuhusu ile namba ya mkupuo, uzi uliniishia, nikaenda kununua mengine baada ya arobaini na ule mkupuo wa kwanza ulikuwa umekwisha dukani. Muuzaji akaniapia ni rangi ileile. Chini ya taa ya duka ni ileile, nje kwenye jua blanketi lina mstari umekata katikati, huku kijani hiki huku kijani kile. Mdogo wangu alitaka nifumue nianze upya na rangi moja. Sikufumua, nusu ya chini nilifuma baba akiwa ameshika donge, nani atanirudishia hiyo? Mtoto alizaliwa salama na analilalia bila kuuliza maswali.

Jambo moja la saizi kabla sijasahau, agizeni kwa milimita, msiagize kwa namba. Sindano za zamani walizoachiwa bibi zetu zina namba za Kiingereza zinazokwenda kinyume, namba ikikua sindano inakuwa nyembamba, namba 8 yao ndiyo milimita 4. Namba 8 ya Kimarekani ni milimita 5. Na ukimwandikia muuzaji "8" tu anaweza kukuletea milimita 8, mti mnene wa kufumia zulia.

Nyota sasa. Sindano nne kati ya tano, moja nimeikata kwa ajili ya ule ukingo, bidhaa ya bei hiyo haikutakiwa nimalizie mie na msasa. Uzi wa pamba nyota nne kwa sindano, mbili kwa krosheti, na hizo mbili mama amesema nimependelea. Akriliki kama unafuma mapambo au sweta la mtu wa Lushoto kwenye baridi haina neno, ni nafuu na inakauka haraka, msiipige pasi tu. Sindano za chuma zibaki nyumbani, ukikaa peke yako kwenye kochi hazina ubaya.

Natafuta za mianzi milimita 3 zenye waya mfupi wa sentimita 40 kwa ajili ya kofia za watoto, huyo muuzaji wangu ameishiwa. Mwenye nazo Tanga hapa hapa aseme, au hata Muheza nitafuata, wifi ana mwingine njiani na safari hii nanunua madonge yote siku moja.